Aya ya Kwanza na Aya ya Nne

Kikao cha bunge la jimbo kilifungwa Alhamisi. Asubuhi ya Jumamosi Arlene Kroeker alikuwa keshafika kwenye mgahawa wa ushirika wa nafaka mjini Hallet, na rasimu ya barua kwa wapiga kura wake mkononi. Kwa miaka tisa ya ubunge wake, barua ya kufunga kikao haikuwahi kwenda kwa mchapaji kabla Verna Tieszen hajaipitia. Verna alikuwa karani wa kaunti ya Ostrander kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na masharti yake yalijulikana na kila mtu: kosa moja, kipande kimoja cha pai ya tufaha kwa gharama ya mbunge.

"Mwalimu," alisema Milo Jantz kutoka kwenye kaunta. Arlene alimfundisha hesabu zamani, na wengi mjini bado walimwita hivyo. "Mwaka jana Bi Verna alikula vipande vinne. Safari hii umeandika wewe au ameandika ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako angeweka nukta mahali pake, Milo. Wewe hukuwahi."

Watu wakacheka. Verna hakucheka, alikuwa keshavaa miwani na kuweka rula chini ya mstari wa kwanza.

Aya ya kwanza ndiyo iliyokuwa fahari ya Arlene. Sheria ya jimbo hutaka kila idara ya dharura iwe na daktari ndani ya jengo usiku na mchana. Hospitali ya Hallet ilikuwa na daktari mmoja tu, na yeye alilazimika kulala kama binadamu wengine. Miaka minane iliyopita Arlene alipata msamaha: hospitali iendeshe idara hiyo kwa wauguzi, daktari akiwa kwenye skrini kutoka mji wa mbali. Msamaha ule ulikuwa uishe tarehe 30 Juni mwaka huu. Katika kikao hiki aliufanya wa kudumu. Hospitali nyingine ya karibu ilikuwa umbali wa maili sitini na saba.

"Hapa pazuri," alisema Verna. Rula ikashuka.

Kwenye meza ya pembeni alikaa Darla Unruh, muuguzi mkuu wa idara hiyo, akila mayai na sare ya zamu bado mwilini. Aliinua kikombe kumsalimu mbunge. Alikuwa ameshapanga zamu hadi Desemba.

Aya ya pili na ya tatu zilipita, koma moja ikikosekana katika ya tatu. "Kipande cha kwanza," Milo akatangaza.

Aya ya nne ilihusu mswada wa kusafisha maneno ya sheria, ambao Arlene aliuandika mwenyewe. Sheria za jimbo zilikuwa zimejaa maneno "sensa ya mwaka 2010", na kila mara sensa mpya ilipotoka, mawakili walibishana. Mswada wake uliyaondoa maneno hayo mahali mia mbili na kumi na mbili na kuweka "sensa ya karibuni zaidi". Uliwekwa kwenye orodha ya miswada isiyo na ubishi, ukapita pamoja na mingine thelathini na tisa katika upigaji kura mmoja, bila mtu kuusoma kwa sauti. Gavana aliutia saini jana mchana, uanze kutumika Julai mosi. Picha ilikuwa juu ya barua: gavana ameketi, Arlene amesimama nyuma yake akitabasamu.

Rula ya Verna ilisimama. Kisha ikarudi juu, hadi aya ya kwanza.

"Arlene."

"Koma nyingine?"

"Ule msamaha wa hospitali. Jina la Ostrander limo ndani yake?"

"Bi Verna, unajua haliwezi kuwemo. Katiba inakataza sheria ya kaunti moja. Tunaandika idadi ya watu badala ya jina."

"Idadi gani?"

Arlene aliijua kwa moyo, kwa sababu aliichagua mwenyewe. Wabunge wenzake walikataa kuupa msamaha mlango mpana, kwa hiyo aliubana kadiri hesabu ilivyomruhusu. "Kaunti yenye watu wasiopungua elfu nne mia tatu na ishirini, na wasiozidi elfu nne mia tatu na arobaini. Sisi tulikuwa elfu nne mia tatu thelathini na moja, kwa..."

Macho yake yakashuka hadi aya ya nne.

"Kwa sensa ya mwaka 2010," Verna akamalizia. "Sensa ya karibuni tulihesabiwa elfu nne mia moja na kumi na nane. Hesabu hiyo niliifunga mimi kwenye bahasha, ndiyo kazi yangu ya mwisho ofisini."

Arlene alisikia jokofu la soda likinguruma. Alijaribu kutafuta kasoro katika maneno ya Verna, kama alivyokuwa akifanya ubaoni: namba ya kwanza, namba ya pili, tofauti yake. Hapakuwa na kasoro. Kalamu ikamwanguka chini.

"Mahali mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Nilihesabu maneno. Sikuangalia yamekaa wapi."

"Sasa nani yumo kwenye namba zile?" Milo aliuliza. Hakuwa na mzaha tena.

Verna alikuwa keshatoa kwenye mkoba wake kijitabu cha sensa, kilichochakaa pembeni. Kidole kikashuka. "Kaunti ya Pell. Elfu nne mia tatu ishirini na saba."

"Pell hawana hospitali," alisema Darla. "Ilifungwa miaka kumi na moja iliyopita. Wagonjwa wao huletwa kwangu."

"Basi rudini mkarekebishe!" Milo alipiga kaunta. "Si mlikuwa huko juzi tu?"

"Kikao kimefungwa, Milo. Hatuwezi kurudi hadi Januari. Kutuita kabla ya hapo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na wengi wao hawajui Hallet iko upande gani wa ramani. Nitawapigia simu wote. Lakini sitawaambia ninyi kwamba watakuja."

Darla alisukuma sahani. "Mwalimu, niambie kitu kimoja. Julai mosi, saa nane usiku, mtu ameingia kashika kifua. Daktari yuko kwenye skrini. Mimi nifanye nini?"

Watu wote waligeuka. Arlene alikuwa na majibu kadhaa laini, na aliyapima moja baada ya jingine.

"Kisheria, mlango uwe umefungwa kabla hajafika," alisema. "Niliufunga mimi, jana mchana."

Darla alisimama. Kisha akachukua funguo zake na kutoka, mayai yakabaki nusu.

Arlene aliokota kalamu. Akaikata aya ya kwanza kutoka pembe hadi pembe, akaikata na ya nne, akaandika upya pembeni mwa karatasi kwa herufi za ubaoni. Verna alifuata kila mstari kwa rula. Hakupata kosa.

"Na picha?" Verna aliuliza. "Unaitoa?"

"Inabaki."

Chini ya picha akafuta maneno ya zamani, akaweka mapya: *Mbunge Kroeker akishuhudia kutiwa saini kwa sheria yake, iliyofunga idara ya dharura ya Hallet.*

Verna akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Ile koma ya aya ya tatu," alisema, "usininunulie pai."