Jina Lililoitwa Dirishani

Sidonia hakuwa mtu wa kufanya jambo lake kimyakimya. Akipika pilau, mtaa mzima wa Nkuhungu ulijua, seuze siku ya kumuaga binti yake wa pekee. Sendofu ya Flaviana, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilipokaribia, ni yeye aliyeng'ang'ania kwamba irushwe mubashara kwenye simu, ili dada yake Anastazia, aliyelala kule Mlali na mguu uliovunjika, naye aone. Flaviana alisita. "Mama, watu watajaa humo." Sidonia akamjibu kwamba siku hiyo ndiyo hasa ya watu kujaa.

Kusita kwa binti kulikuwa na sababu, na mama aliijua kuliko mtu yeyote. Flaviana alikuwa na kifafa tangu utotoni. Vidonge vya kila siku vilikuwa vimekituliza hata akasoma, akaajiriwa ukarani wizarani, na ofisi nzima haikujua lolote. Rodgers, mchumba wake, alijua, maana Flaviana alimwambia mwenyewe mapema. Wazazi wa Rodgers hawakuambiwa. Hao wangeambiwa taratibu, baada ya ndoa. Huo nao ulikuwa mpango wa Sidonia.

Ukumbini Nzuguni bibi harusi aliingia akicheza, amechoka kwa kukesha na maandalizi, taa za rangi zikiwaka na kuzima usoni pake. Katikati ya ukumbi akasimama ghafla, macho yakapanda juu, akaanguka. Sasa, mabinti kwenye sendofu hulia, na wengine huishiwa nguvu kabisa, kwa hiyo mshereheshaji akadhani ndiyo hayo. "Furaha imemzidi!" akatangaza. "Vigelegele, akina mama!" Na vigelegele vikapigwa, Mungu atusamehe, huku mtoto wa watu akitupa miguu sakafuni na povu likimtoka. Mpiga picha badala ya kuzima akasogea karibu. Sidonia alikimbia mpaka kilemba kikamtoka, akamfunika mwanawe kwa kitenge, akipiga kelele wazime. Walipozima, ukoo wa pande zote mbili ulikuwa umeshaona.

Wiki ile ile mshenga wa akina Rodgers alikuja, akanywa chai, akaisifu, kisha akasema wenzake wanaomba muda wa kutafakari. Rodgers mwenyewe akaacha kupokea simu. Hayo Sidonia angeweza kuyameza. Lakini kuna mtu, hakujulikana nani, aliikata ile video, akaibandika muziki wa singeli na sauti za vicheko, akaipa jina: "Flaviana wa Sendofu". Ikaanza kutembea kwenye simu za watu ambao hawajapata kumwona Flaviana hata kwa mbali.

Flaviana akajifungia ndani. Dawa zilipokaribia kwisha akasema kliniki haendi.

"Pale kwenye benchi kila mtu ana simu mkononi, mama. Bora nianguke humu humu."

"Koma kusema hivyo," Sidonia akamwambia. "Lete kadi, nitakwenda mimi." Ilikuwa Ijumaa, na vidonge vilivyobaki vilikuwa vya kumfikisha kesho yake tu. Daktari alikwisha kuwaonya tangu zamani kwamba dawa ile haikatishwi hata siku moja.

Hospitalini akaiweka kadi kwenye dirisha la dawa, akatafuta pa kukaa. Msichana mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akamsogezea nafasi. "Shikamoo mama. Karibu hapa, kule kuna jua."

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki."

Alikuwa msichana mwema, na ubaya wa jambo lenyewe ulianzia hapo. Akampa karanga. Akamweleza habari za homa ya mtoto. Kisha, ili foleni isiwachoshe, akatoa simu. "Mama, hii umeiona? Ya bibi harusi." Sidonia akatazama, na ndani ya kioo kile akajiona mwenyewe akikimbia kichwa wazi.

"Huyu mama ndiye ananimaliza," msichana akasema, anajifuta machozi ya kicheko. "Ona kilemba kinavyomtoka!"

Sidonia akacheka. Hakujua kicheko kile kilitoka wapi, lakini kilitoka, na chenye sauti.

"Eti ni wa hapa hapa Dodoma. Unawafahamu?"

"Siwafahamu."

Hapo hapo kipaza sauti cha dirishani kikakoroma. "Flaviana Augustino! Ndugu wa Flaviana Augustino!"

Msichana akainua kichwa. "We! Isije ikawa ni yeye?" Akageuka huku na huku, na watu wawili watatu waliosikia nao wakageuka. Jina likaitwa tena. Miguu ya Sidonia ilikuwa mizima, dirisha lilikuwa karibu, na dawa ya mwanawe ilikuwa pale. Akaendelea kutafuna karanga. Kadi ikawekwa chini ya nyingine.

Alingoja mpaka msichana yule alipopewa dawa ya mtoto na kumuaga kwa heshima zote. Ndipo akaenda dirishani. Mhudumu alikuwa ameegemea kiti, mikono kichwani. "Mtandao umekata, mama. Bila faili kufunguka kwenye kompyuta hatutoi dawa. Tumekuita, ulikuwa wapi? Njoo Jumatatu." Sidonia akasihi, akangoja, mtandao haukurudi. Akazunguka maduka ya dawa ya mjini mpaka jioni, na kila duka lilimtaka cheti cha daktari ambacho hakuwa nacho.

Nyumbani akasema dawa zimeisha hospitalini, zitaletwa Jumatatu.

"Hamna shida, mama," Flaviana akasema. "Pole kwa kuhangaika."

Jumapili, Sidonia akiwa kanisani anaomba siku ipite salama, Flaviana aliinjika ugali kwenye jiko la mkaa ili mama akirudi akute chakula. Majirani walisikia sufuria ikianguka. Walimkuta mkono wa kulia ukiwa ndani ya makaa.

Wodini, mkono ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, Flaviana alilala siku nzima. Alipofumbua macho alimgeukia mama yake.

"Mama, ni kweli dawa zilikuwa zimeisha?"

Sidonia alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Akashindwa kuutoa.

"Waliita jina lako," akasema. "Pembeni yangu kulikuwa na msichana, ananionyesha ile video. Wakaliita tena. Sikusimama, mwanangu. Nilikaa, nikala karanga."

Alijiandaa kwa kilio, kwa lawama, hata kwa kufukuzwa pale kitandani. Flaviana aligeuza uso taratibu, akautazama ule mkono uliofungwa.

"Hata mimi nisingesimama," akasema.