Ng'ombe Tisa Katika Kozi ya Mazingira

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika ukumbi wa kukodi mjini Bariadi, Dakta Rogasian alikuwa akiita majina ya wanafunzi wa kozi ya uendelevu wa mazingira, pale ng'ombe tisa wa Bibi Kwandu walipoingia kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wamekufa tangu Agosti. Walisimama nyuma ya viti, mbavu zikihesabika, kimya kama waumini waliochelewa ibada. Dakta aliendelea na jina la kumi na nne.

Ikupa, mwanafunzi wa sheria, alimgeukia Justine wa uchumi. "Hawa wamekufa na bado wamewahi. Wewe uliye hai, saa mbili huijui."

Kozi ilikuwa ya taaluma mtambuka. Wanasheria, wachumi, wahandisi na wanaikolojia walisoma pamoja ili, kwa maneno ya mwongozo, lisiwepo jambo la kuwaponyoka wote. Februari walikwenda kijijini Zagayu kupima ardhi. Waliikuta ngitili ya Bibi Kwandu, nyasi zikifika kiunoni, haina ng'ombe hata mmoja. Wahandisi wakapiga picha, wachumi wakaandika "ardhi isiyotumika", wanasheria wakathibitisha kwamba haina hati. Nyanjige, mwanakozi mwenzao na mjukuu wa Bibi Kwandu, alikuwa amelazwa kwa malaria siku hiyo. Angekuwepo, angewaambia jambo ambalo kila mtoto wa Kisukuma hukua akilijua: ngitili hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zikomae, hufunguliwa kiangazi malisho yanapokwisha. Kuwa tupu ndiyo kazi yake.

Mei, mradi wa mikaratusi, ukitegemea vipimo hivyo, ukaizungushia seng'enge. Agosti ng'ombe wakafia nje ya seng'enge, vichwa vimeelekea nyasi.

Nyanjige aliyaona maneno "ardhi isiyotumika" Jumapili tu, rasimu ya ripoti ilipogawiwa. Sasa alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema kwa staha, na staha ilimwisha alipomwona, katikati ya wale tisa, jike lenye pembe iliyopinda ambalo alilikamua tangu darasa la tatu.

"Dakta, naomba neno 'isiyotumika' liondolewe, seng'enge ifunguliwe. Bibi amebakiwa na watatu."

"Nyanjige, takwimu ni za Februari. Siwezi kuzirekebisha kwa matukio ya Septemba."

"Matukio hayo yamesimama humu ndani."

Dakta aliwatazama ng'ombe kwa heshima. "Nimewaona. Lakini hawakuwemo kwenye sampuli."

"Hawakuwemo kwa sababu walikaa nje kuitunza ardhi mnayosema haitumiki!"

Alijibiwa kwamba hoja yake ni nzuri, ingefaa tasnifu. Ijumaa rasimu ilipitishwa bila neno "isiyotumika" kubadilishwa.

Ng'ombe waliendelea kuhudhuria. Mektilda, mfagizi wa ukumbi, alisema hawamsumbui. Hawaachi kinyesi, kwa kuwa hawana walichokula. Katika ripoti, kwenye sura ya ushirikishwaji wa jamii, waliandikwa: washiriki tisa kutoka Zagayu, hawakutoa pingamizi.

Jumatatu iliyofuata waliingia kumi na wawili. Nyanjige aliwatambua wale watatu wa mwisho wa Bibi kwa mwendo wao. Aliwaendea, akawaambia "Mwangaluka" kama anavyowaamkia wakubwa wake nyumbani, akabaki amesimama kati yao.

Dakta alimwagiza karani aandike kumi na wawili. Idadi ya washiriki, alieleza, iliruhusiwa kurekebishwa.