Mara ya Tano Haihesabiwi

Jumanne saa tatu asubuhi Asmahani alikuwa kwenye benchi la chumba cha maziwa pale hospitali, anajikamua kwenye chupa, mwanawe Samiha kalala mgongoni. Alikuwa na maziwa mengi hasa. Akifua shuka za watu yanamchuruzika mpaka kwenye beseni. Sista Imakulata akaichukua chupa, akaibandika karatasi ya namba kumi na nne, akaitia kwenye friji.

"Namba tu? Jina je?"

"Jina ni siri, mama."

Siri hiyo ndiyo iliyowaudhi wanawake. Najat wa Nguvumali, alipoelezwa habari za benki ya maziwa, ya kuwanywesha watoto ambao mama zao hawana, kwanza aliuliza kama ina riba. Akaambiwa haina. "Basi, shoga, mie simpi mwanangu maziwa yasiyo na kwao. Kesho aniletee mchumba, kumbe nduguye wa ziwa! Nani atakuja kunambia, friji?"

Kufika Ijumaa maziwa yakaanza kujieleza yenyewe. Ukifungua mlango tu, kila chupa inakwambia ni ya nani, binti nani, wa mtaa gani. Sista Imakulata aliandika barua kuomba friji ya pili, maana yalikuwa yanakatizana maneno.

Wanawake wakaridhika, wakawa wanapanga foleni kuyahoji kama wamekuja kuposa. Maziwa ya mwalimu yalikwisha siku moja. Ya mke wa imamu yaligombewa. Mama mmoja alirudisha chupa, akasema maziwa yake yana kithembe.

Namba kumi na nne haikuguswa na mtu. "Sie wa Asmahani binti Sele, wa Moa," yalisema maziwa hayo. "Twakaa Mabawa, chumba kimoja. Twafulia watu."

Asmahani alikuwa akiyakonyeza yapunguze maneno. Hayakupunguza. Yalikuwa maziwa yake. Na yeye uongo haujui.

Ndipo akaja Bi Shamsiya wa Raskazone. Asmahani alikuwa akimfulia Jumatatu na Alhamisi, mwaka wa sita huo. Nyumbani kwa Bi Shamsiya mna vikombe ishirini na vinne vya ua la dhahabu, na kimoja cha bati kinachoning'inia msumarini uani. Cha bati ndicho cha Asmahani. Hakuwa na tamaa nyingi duniani. Alitamani siku moja tu naye anywe chai kwenye ua la dhahabu, kama watu.

Afra, bintiye Bi Shamsiya, alikuwa kajifungua kabla ya siku. Mtoto, Luay, kilo moja na robo. Ziwa la mama halitoki, maziwa ya kopo yanamvimbisha tumbo. "Asipopata ya mama leo," Sista Imakulata alisema, "kesho msinilaumu."

Bi Shamsiya akafungua friji. Zilibaki chupa sita, zote namba kumi na nne.

"Shikamoo, Bi Shamsiya," yakasema maziwa. "Zile shuka za Jumatatu zimekauka. Pasi twaja kupiga Alhamisi."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, akafunga mlango. Akamtazama Asmahani pale kwenye benchi, kisha akamgeukia sista. "Hamna mengine? Yaliyosoma soma kidogo?"

"Ndiyo hayo, bibi."

Bi Shamsiya akafikiri. "Shekhe alishasema, mtoto akinyonya mara tano ndipo undugu unaingia. Mpeni mara nne."

Akatoa tasbihi, akahesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Luay akapata rangi. Ilipofika ya tano mtoto akalia kama paka. Bi Shamsiya akairudisha tasbihi mwanzo. "Ya kwanza," akasema.

Ikawa hivyo kila siku. Asmahani akija kukamua, Bi Shamsiya akija kuhesabu, wakipishana mlangoni huyu husema shikamoo, na yule husema, "Alhamisi usisahau mapazia." Mtoto akafika kilo mbili na robo, na mara nne hajapita.

Siku ya arobaini, Luay keshatoka hospitali, Raskazone palijaa wageni. Asmahani alikuwapo: uani, anaosha masahani. Ndani mtoto akapewa chupa ya namba kumi na nne, akashiba, akacheua, akasema kwa sauti iliyonyooka: "Mie mwana wa Asmahani binti Sele kwa ziwa. Mara mia tatu na kumi na tisa. Samiha dada yangu."

"Mashallah," wakasema wageni, "mtoto ana hesabu huyu."

Bi Shamsiya akaipekua tasbihi, akaona haimsaidii. "Kweli bwana, mamake wa ziwa. Mwiteni aje akae. Mpeni chai."

Asmahani akafuta mikono kwenye kanga, akaingia sebuleni bila ufagio kwa mara ya kwanza, akakaa ukingoni mwa kochi. Wakampakatisha Luay. Afra akafungua kabati, mkono ukashika ua la dhahabu.

Luay akageuza shingo pale mapajani. "Sicho hicho, mama. Chake kile cha bati. Kiko msumarini."

Bi Shamsiya akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. "Sasa huyo ndiye mjukuu wangu."

Kikombe cha bati kikaja, chai imetiwa iliki vizuri sana. Asmahani akakipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshikilia mtoto, aliyekwisha kuanza kulitafuta ziwa mwenyewe chini ya kanga. Akalipata.

Bi Shamsiya akashika tasbihi.

"Ya kwanza," akasema.