Milia ya Bibi Malan

Jumatatu asubuhi Armgarð alishuka basi Tórshavn, mji mkuu wa Visiwa vya Faroe, akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na diski mbili zilizofungwa kwa taulo la jikoni, na kipande cha nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, zawadi ya kumpa fundi wa kompyuta.

"Kompyuta ya ukumbi wa kijiji imeungua," alimwambia Sunnvá, fundi mwenyewe. "Humo ndimo alimo marehemu mama yangu, Malan, anaimba. Binti yangu Beinta anaolewa Jumamosi, na wimbo wa maharusi wa kwetu aliujua mama peke yake."

"Diski ya kwanza ni ipi?"

"Si ziko sawa? Eyðbjørn, mwenyekiti wa ukumbi, alisema mbili ni usalama. Moja ikifa, ipo nyingine."

"Huyo mvuvi abaki na samaki wake," Sunnvá akacheka. "Kitendawili, mama."

"Tega."

"Wanangu wawili wana wimbo mmoja, na hakuna anayeweza kuuimba."

Armgarð akawaza kidogo. "Kila mmoja kapewa nusu."

"Umekitegua. Kipande huku, kipande kule, kwa zamu, kama milia. Kompyuta inakwenda kasi, lakini nakala hakuna."

Akaziunganisha nyaya. Diski moja ikaanza kutoa uzi wa sufu nyeusi, nyingine nyeupe. Sunnvá akavuta taratibu, akazungusha madonge mawili, akalalamika tu kwamba nyeupe inanuka kuungua. Kisha akatoa sindano za kufumia sweta.

Walianza na nyeupe. Sweta likaimba, lakini katika wimbo bwana harusi alizikwa kabla hajachumbia. Wakafumua.

"Mama yako alikuwa anaanza na rangi gani?"

"Nyeusi. Alisema pindo ndilo linalochafuka. Na milia yake upana wa vidole viwili."

Wakafuma hivyo, na Bibi Malan akaimba sawasawa. Katikati ya beti akanyamaza, akauliza: "Eyðbjørn mwanangu, umeniweka na mahali pengine?" Sauti ya mwenyekiti ikajibu: "Usiwe na wasiwasi, Bibi. Diski ziko mbili!"

Armgarð akaufuma na mstari huo. Hakuruka kitanzi.

Jumamosi watu walishikana mikono wakafanya duara ukumbini. Sweta lilisimama katikati ya Beinta na mama yake, wamelishika mikono, nalo likatoa ubeti, watu wakaitikia huku wakikanyaga sakafu. Lilipofika kwenye maneno ya Eyðbjørn, macho yote yakamgeukia.

"Kwani nilidanganya?" akasema. "Si zilikuwa mbili?"

Akaendelea kucheza.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alileta kompyuta mpya, diski mbili, milia ileile. "Hii ina kasi zaidi," alisema. Armgarð akamuuliza habari ya nakala. Akajibiwa kwamba jambo hilo litazungumzwa kwenye mkutano, na mkutano haujapangwa.

Beinta alikuwa ameshanunua sufu, nyeusi na nyeupe. Baada ya chakula cha mchana alilikalisha sweta kwenye kiti mbele yake, akalimiminia kahawa, akaanza pindo la sweta la pili kwa nyeusi.

"Polepole, Bibi," alisema. "Hapo rudia."

Sweta likarudia.