Majirani wa Kamba wa Ruvu

Sanduku la kioo lilikuwa na urefu wa futi tatu na upana wa futi moja na nusu, na halikuvuja. Bakili, fundi bati wa Kariakoo, alilitengeneza kwa pembe za chuma na vioo vya kabati kuukuu la duka, akaziba viungo kwa puti. Kisha aliliweka katika mkahawa wa Awadhi, Mchafukoge, karibu na dirisha, wapita njia waone kazi yake. Ndani alimtia kamba mmoja aliyemleta ndani ya debe kutoka mto Ruvu, mwenye mikono mirefu kuliko mwili wake. Awadhi naye akatia perege wadogo wanne, ili sanduku lisiwe na mpangaji mmoja.

Asubuhi ya pili alibaki perege mmoja, naye hakuwa na mkia.

Awadhi hakugomba. Alisema samaki walikuwa wake na kamba ni wa Bakili, kwa hiyo hukumu ni nyepesi. Anatoa wiki mbili. Watafutwe samaki wengine, na Ijumaa ya pili, baada ya swala, atawahesabu mwenyewe. Akipungua hata mmoja, kamba atapikwa kwa nazi. Bakili alijaribu kucheka, hakuweza. Kamba alikwisha kuzoea kula kutoka kidoleni mwake. Akaenda kumtafuta Elisaria.

Elisaria alikuwa mtoa dawa katika zahanati moja ya mjini, Mchaga wa Machame, mtu wa kupima kwanza na kusema baadaye. Mkahawani walimwita Bwana Mizani. Alisema wazi kwamba kuhusu kamba hajui kitu. Kwa siku tatu alikunywa chai yake mbele ya sanduku, akatazama. Kamba alishinda chini. Aliwinda kwa kupapasa, si kwa macho, na hakufuata kitu kilichopita juu ya nusu ya maji. Giza likianza ndipo alipotembea zaidi. Na perege, saa hizohizo, huteremka kupumzika karibu na mchanga. Kwa maneno mengine, perege walikuwa wametandikiwa kitanda mlangoni pake.

Awadhi alipendekeza kambare, kwa kuwa ni mgumu kufa. Elisaria akakataa: kambare naye hukaa chini, na akimkuta kamba katika hali ya udhaifu atammeza. Walichukuliwa samaki wa madimbwi ya Msimbazi, urefu wa kidole cha mwisho, wenye mikia myekundu, ambao hukaa karibu na uso wa maji wakidaka viluwiluwi vya mbu. Aliwataka kumi na wawili tu, kwa sababu maji yaliyotulia hayana hewa ya kutosha wengi. Maji ya bomba yalilazwa siku nzima katika debe wazi kabla ya kutiwa, ili dawa yake itoke. Mchanga ulioshwa mpaka maji yakatoka safi. Kamba akapewa shingo ya mtungi uliovunjika iwe nyumba yake, na kila magharibi kipande cha samaki kisichozidi ukucha, kabla njaa haijamfundisha kupanda juu. Wateja wakakatazwa kutupia maandazi.

Bakili alitazama mpango ule kwa siku tano, samaki wakiwa kumi na wawili kila asubuhi, akasema kamba sasa ameshika adabu.

“Hana adabu yoyote,” Elisaria alisema. “Ana mikono ya inchi saba. Samaki wanakaa inchi kumi juu ya mchanga.”

Ijumaa ya pili ikafika. Asubuhi Awadhi alipofungua mkahawa alimkuta kamba amelala ubavu juu ya mchanga, mweupe, hatikisiki. Aliyekuwapo kwa chai ya mapema alikuwa Hamis, Mnyamwezi, kuli wa bandarini na mtani wa Bakili, ambaye ni Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara, na penye msiba mtani ana haki zake: humdhihaki marehemu, hushika kitu cha wafiwa mpaka akombolewe, na hakuna anayeruhusiwa kununa.

Hamis alizitumia haki zote. Alimtoa marehemu kwa kijiko cha kuepulia maandazi, akamlaza juu ya jani la mgomba, akaketi kando akilia kwa sauti ya kike. Kila aliyeingia alimdai kahawa ya rambirambi, na hadi saa nne alikwisha kunywa vikombe sita. Kisha akaenda sokoni, akarudi na kambare hai ndani ya ndoo, akammimina sandukuni.

“Mzaramo amekufa,” alimwambia Bakili aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. “Nyumba nimeirithi mimi. Huyu hapa mrithi wangu.”

Bakili aliitika utani kama inavyopasa, lakini hakugusa chai yake.

Elisaria alifika saa sita kasoro. Aliuliza kama kuna mtu aliyempima marehemu. Hamis akasema maiti hapimwi, Bwana Mizani, huzikwa. Elisaria alimwinua kwa vidole viwili, akamkabili na dirisha. Mwanga ulipita toka upande huu hadi upande wa pili. Nyuma ya kichwa palikuwa na mpasuko ulionyooka. Alimweka juu ya mizani ya Awadhi ya majani ya chai, na sahani haikushuka.

“Hili ni gamba,” alisema. “Amelivua. Mwenyewe yumo ndani ya mtungi wake, laini kama ute. Mtoeni kambare.”

Bakili alitia mikono yote miwili majini, na Hamis, bila mzaha hata mmoja, akashika kung'uto la tui upande wa pili. Kambare akarudi ndooni. Ndani ya shingo ya mtungi zilionekana nyuzi mbili za ndevu, zikipepea.

Watu wa swala wakaenda, wakarudi. Awadhi akavuta kiti, akahesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena, kisha mara ya tatu, akatazama jikoni. Bakili alikuwa anafuta kioo kisichokuwa na doa.

“Mpasue kambare,” Elisaria alisema.

Awadhi alimpasua palepale mezani. Tumboni alikuwamo samaki mdogo, mzima, mkia wake bado mwekundu.

“Kumi na wawili,” Awadhi alisema, akapaza sauti jikoni wakune nazi. Mwizi ndiye atakayepikwa.

Hamis alilalamika kwamba mrithi alikuwa wake. Bakili akamjibu kwamba marehemu amefufuka, hivyo azirudishe kahawa sita za watu. Walimla kambare kwa wali, wote wanne, na Hamis akapewa kichwa.

Gamba lilirudishwa majini. Kufikia Jumapili kamba alikuwa amelila karibu lote. Jumatatu alitoka nje, mgumu tena, mkubwa kidogo. Elisaria aliweka rula juu ya kioo, akasubiri mpaka anyooshe mkono. Inchi saba na nusu. Akamwambia Bakili aongeze maji nusu inchi.