Mwana wa Shungi

Dorkas alirudi kutoka kwa shangazi yake, kijiji cha Myamba, siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, na kabla hajatua hata mzigo wake akapitia bandani. Alikuwa huko siku chache tu, akimpikia shangazi aliyeteguka mguu, lakini kila asubuhi aliamka akimuwaza kondoo wake Shungi, aliyemwacha tumbo limeshuka na hataki kutulia mahali pamoja.

Shungi alikuwa ameshazaa. Dorkas alilijua hilo akiwa bado mlangoni, kwa jinsi mbavu zilivyotokeza na kiwele kilivyojaa hadi ngozi yake kung'aa. Lakini miguuni pake hapakuwa na kitu. Kondoo alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mabanzi ya mbao, ameupitisha mdomo kwenye upenyo, analia kuelekea chumba cha pili cha banda.

Mama yake akaja nyuma yake, akampokea mzigo.

"Alizaa mfu," alisema. "Kaka yako ameshamfukia. Pole sana, mwanangu."

Dorkas akaitikia asante, kama mtu anavyoitikia pole msibani, na hakuuliza kitu. Hakuwa muulizaji. Wageni wakija nyumbani alizunguka nyuma ya jiko ili asipite mbele yao, na hata kwaya aliiacha kwa sababu ya kusimama mbele za watu. Siku ile mama alimpikia uji mwepesi wenye pilipili manga, akakaa naye kwenye kigoda akimsugua mgongo, akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe alipomwona yule mwana amelala kimya machozi yalimtoka.

Alikuwa na sababu ya kupewa pole. Alipokuwa darasa la tano baba yao alifariki, na mtu wa kukata majani na kuwatoa kondoo malishoni akakosekana, kwa maana Sifael kaka yake alikuwa ameshaanza ufundi wa seremala. Dorkas akaachishwa shule. Mama alimwahidi kwamba jike la kwanza la Shungi litakuwa lake, lake kabisa, na kutoka kwa huyo atapata kundi lake mwenyewe. Mara ya kwanza Shungi akazaa dume, likachinjwa kwenye kipaimara cha mtoto wa baba mdogo. Mara ya pili akazaa jike, lakini msimu ule mama aliugua, likauzwa. Msimu ujao, mama alisema, mwaka baada ya mwaka. Dorkas alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima, bado anachunga kondoo wa watu wengine, ijapokuwa watu wenyewe ni mama yake na kaka yake.

Katika chumba cha pili cha banda alikuwemo Kijivu, kondoo wa Sifael. Yeye alikuwa na mwana, jike la rangi ya kahawia lenye baka jeupe usoni, linanyonya huku likitikisa mkia. Dorkas alilitazama bila kijicho. Kijivu alikuwa na safari yake. Sifael alikuwa amechumbia kijiji cha Mamba, binti aitwaye Victoria, na nyumba ya kina Victoria ilikuwa na masharti yake kuhusu mahari. Mbuzi walishapelekwa, mablanketi yalishapelekwa, kilichobaki ni kondoo wa mama mzazi wa binti. Huyo sharti awe na mwana anayenyonya, wapelekwe pamoja, mama na mwanawe, kwa sababu naye anatoa mwana. Ndiyo maana nyumba nzima ilikuwa ikimhesabia Kijivu mimba yake kuliko walivyowahi kumhesabia mke wa mtu.

Jumanne Dorkas alikwenda kuchota samadi shimoni apeleke kwenye migomba. Jembe likanasa kitu laini. Akavuta. Ilikuwa ngozi ya mwanakondoo, ya kijivu, imeanza kuoza upande mmoja, na ilikuwa na matundu manne.

Alikaa chini pale pale penye samadi.

Kondoo humjua mwanawe kwa harufu. Akifiwa na mwana, na pakawa na mwingine anayehitaji maziwa, huchunwa ngozi ya yule aliyekufa, hukatwa matundu ya miguu, na aliye hai huvishwa kama mtoto anavyovishwa sweta. Kondoo akinusa huona ni wake, humwacha anyonye, na baada ya siku mbili tatu ngozi huvuliwa. Mama ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Kwenye ngozi hii, tumboni palikuwa pameshonwa kwa uzi wa katani, na mwisho wa uzi palikuwa na fundo lililorudiwa na ncha yake ikafichwa ndani, fundo lile lile lililokuwa chini ya kila kikapu cha mama yake kilichokwenda gulioni.

Hakuna mtu anayemvalisha ngozi mwana anayenyonya kwa mama yake mwenyewe. Aliyekufa alikuwa wa kijivu. Aliye hai alikuwa wa kahawia, kama Shungi.

Mama alikuwa uani anachagua maharage ya makande. Dorkas akaitandaza ngozi mbele ya ungo.

"Mama, hii ni nini?"

Mama aliitazama, kisha akaendelea kuchagua, akitupa mawe pembeni.

"Wa Kijivu ndiye aliyetoka mfu," alisema. "Na Shungi naye akazaa siku ile ile. Ningefanyaje? Watu wa Mamba wanasubiri. Hii posa ikilala msimu mwingine, si huyo binti ataolewa na mwingine?"

"Ungenitumia mtu aniambie."

"Ungelia, Dorka. Nawe ukilia mimi mkono haushiki sindano." Akapepeta ungo. "Ningekuambia harusi ikishapita. Wa msimu ujao ni wako, haki ya Mungu."

Dorkas alitaka kumuuliza kuhusu uji. Alitaka kumuuliza ule mkono uliomsugua mgongo ulikuwa ukiwaza nini. Angeombwa yule mwana, labda angemtoa. Sifael ni kaka yake, na alimpenda Victoria, ambaye siku aliyokuja kutembea alimfuata hadi nyuma ya jiko na kumwita wifi. Hakuombwa. Alidhulumiwa, kisha akapewa pole. Akaikunja ile ngozi na kuondoka nayo. Mama akashusha pumzi. Katika nyumba ile Dorkas asipojibu ilihesabiwa amekubali. Hata shule iliisha hivyo hivyo.

Jumamosi wakaenda Mamba. Mshenga alikuwa Mzee Tumainieli, jirani yao, mtu wa maneno mengi na kofia ya manyoya, aliyetangulia kwa bodaboda ili asichafue viatu. Mama na wanawake wawili wa ukoo walibeba vikapu. Sifael alikuwa amevaa koti la marehemu baba. Dorkas hakupangwa kwenda, lakini Kijivu aligoma kuvuka hata mfereji wa kwanza mpaka alipomwona yeye mbele ameshika kamba, basi akaenda, mwana akiwa mabegani mwake, amemzungushia miguu shingoni. Njia nzima waliteremka kati ya mashamba ya tangawizi, na njia nzima yule mwana alimpumulia sikioni.

Kina Victoria waliwapokea vizuri. Shikamoo na marahaba zikaenda na kurudi, viti vikapangwa, harufu ya nyama ikatoka jikoni. Mzee Tumainieli akasifia kondoo kuanzia masikio hadi mafuta ya mkia. Kisha ukafika wakati wa kushika sikio. Nyumba ile mnyama hapokelewi mpaka mtu wa upande wa waoaji amshike sikio na kusema mbele ya wote kwamba huyu ni mama, huyu ni mwanawe, nimewaona tangu kuzaliwa. Mama alikuwa ameyajua hayo na kumfundisha Sifael maneno wiki nzima. Sifael akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Mama yake Victoria, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akamwinulia kiganja.

"Wewe kaa, bwana harusi. Wewe unachunga mbao. Anayewachunga hawa ni nani?"

Watu wakacheka. Mzee Tumainieli akasema mchungaji ni huyo binti aliyejificha nyuma ya kondoo, lakini wasihangaike naye, maana huyo huongea na kondoo peke yao, sisi binadamu bado hatujafika kiwango.

"Basi leo ataongea na mimi," mama Victoria alisema. "Njoo, mwanangu. Shika sikio."

Dorkas akamtua yule mwana chini. Alilishika sikio la Kijivu, na akamwona mama yake ng'ambo ya uwanja. Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa akimtikisia kichwa taratibu, kama anavyomtikisia mtoto anayekwenda kutoa sadaka: sema tu, sema urudi ukae. Aliona jinsi mama alivyokuwa na uhakika naye, na hilo likamuuma kuliko ngozi, kuliko uji.

"Huyu ni mama," alisema. Sauti ikatoka ndogo, watu wakanyamaza ili waisikie. "Mwana si wake."

"Hebu rudia."

"Wa huyu alikufa. Mwana ni wa kondoo wangu, yuko nyumbani, anaitwa Shungi. Walimvalisha ngozi nikiwa kwa shangazi. Mwana ni wangu mimi. Sikuulizwa."

Mzee Tumainieli akakohoa, akaanza kusema kwamba mambo ya wanyama bwana yana utani mwingi, lakini hakuna aliyemsaidia kucheka, akaishia njiani. Sifael alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Victoria akageuka.

"Ni kweli, mama mwenzangu?"

Mama alishika pembe ya khanga yake akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

"Mwanakondoo tungesubiri," mama Victoria alisema. "Wangekuja hata mwakani. Mimi ninachojiuliza ni kingine. Aliyemzaa mwenyewe amemfanyia hivi. Huyu wangu mimi, anayekuja kuolewa tu, atamfanyia nini?"

Victoria alikuwa mlangoni na kitenge kipya. Alimtazama Dorkas, na Dorkas hakuweza kusoma kilichokuwa machoni pake. Kisha Victoria akaingia ndani na pazia likarudi. Wageni walipewa chakula, kwa sababu kilikuwa kimeshapikwa, wakakila kimya kama watu wanaosubiri mvua ikatike. Baadaye wazee wakatoka kusema kwamba wanyama warudi, na mazungumzo yapumzike kwanza. Hawakusema yapumzike mpaka lini.

Kurudi ni kupanda. Dorkas alidhani angejisikia mwepesi, kwa kuwa mwana alikuwa juu ya mabega yake na kila mtu sasa alijua ni wa nani. Hakujisikia hivyo. Wale wanawake wa ukoo walitembea mbali naye. Sifael alikwenda mbele peke yake, na walipofika kwenye mfereji akasimama, akamsubiri.

"Umeridhika?"

"Na wewe ulijua?"

Sifael akaangalia pembeni, kwenye tangawizi za watu. "Ni mimi niliyemshika wakati mama anashona," alisema, na akavuka.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Dorkas akamwingiza mwana chumba cha Shungi. Shungi akaja mbio, akamnusa kichwani, akamnusa mkiani, akanusa tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kumpiga kichwa hadi akaangukia mabanzi. Mwana alikuwa ananuka Kijivu mwili mzima. Akainuka, akajipenyeza kwenye upenyo, akakimbilia chumba cha pili alikozoea, na kabla hajafikia chuchu Sifael alikuwa ameshamfunga Kijivu kamba, anamtoa nje.

"Mwana ni wako, umesema mbele za watu," alisema. "Huyu ni wangu. Na maziwa yake ni yangu."

Akampeleka kwa jirani. Mama alikuwa jikoni, akasikia, akaendelea kuchochea moto.

Mwana akaanza kulia njaa. Dorkas akavua khanga ya juu, akaingia kwa Shungi, akamsukuma ukutani na kumbana kwa goti, mkono mmoja shingoni. Kwa mkono wa pili akamvuta mwana, akamkamulia maziwa mdomoni. Mwana akageuza uso. Akamkamulia tena, puani, mdomoni, hadi akalamba, kisha akaishika chuchu. Shungi akarusha teke likampata Dorkas kwenye muundi wa mguu. Hakumwachia. Akazidi kumbana, mama huyo mwenye kiwele kilichojaa, amnyonyeshe mwanawe kwa nguvu, na alijua atalazimika kufanya hivyo tena kabla ya kulala, na kesho alfajiri, na kila siku hadi mmoja wao achoke.

Mama akapita nje na ndoo ya maji. Alisimama kidogo penye mlango wa banda. Pale palihitaji mtu wa pili, mmoja wa kumshika kondoo na mmoja wa kumshika mwana, na wote wawili walilijua hilo. Dorkas hakuinua kichwa. Baada ya muda akasikia ndoo ikiendelea na safari, maji yakimwagika kidogo kidogo kuelekea jikoni.