Kipande cha Nabwire

Wanzala aliharibu kipande cha nyama ya mkewe, na hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Kilikuwa chembamba kama uzi uliokatwa. Daktari Wamucii alikitoa kwa sindano nene kwenye uvimbe wa titi la Nabwire, akakitia katika chupa ya dawa ya kuhifadhi, akampa Wanzala aipeleke mwenyewe maabara mjini. Ilikuwa Alhamisi kuelekea Pasaka. Alipofika, mlinzi akamwambia, "Mzee, hawa wa maabara wameenda ushago, makwao kijijini. Rudi Jumanne."

Akarudi nayo kwake Laini Saba, kwenye chumba kilicho nyuma ya kibanda anachotengenezea masanduku ya bati ya wanafunzi. Huo ulikuwa mwezi wa pili akilala peke yake. Rangi ya masanduku ilikuwa ikimkohoza Nabwire, basi Rachael, dada yake, akamchukua kwake Kawangware. Kila akifunga kazi Wanzala alikwenda huko kwa miguu, akakaa naye saa moja, akarudi kwa kitanda ambacho upande mmoja haukuwa na mtu.

Alipoitoa chupa mfukoni alikuta kifuniko kimelegea na dawa nusu imemwagika. Mvuke wake ukamchoma macho. Akakitazama kile kipande kimejikunja humo ndani. Huyu ni Nabwire, akajiambia. Siku nne akae kwenye kitu kinachowasha hivi?

Akachemsha maji, akangoja yawe ya uvuguvugu, akatia chumvi kidogo, vile mama yake alivyoosha vidonda vyao utotoni. Akaimwaga dawa yote. Akakiosha kipande kwa ncha ya kidole, akakirudisha chupani na yale maji, akaiweka chupa juu ya kijimeza upande wa Nabwire, karibu na kitambaa chake cha kichwa. Siku hizo nne alipata usingizi.

Jumanne mhudumu wa maabara alifungua chupa, akageuza uso pembeni.

"Mzee, nani ametia maji hapa?"

"Mimi."

"Hii imeoza. Hapa hakuna kitu cha kusoma."

Wanzala alimwambia mkewe kwamba maabara imekipoteza. Wakaingia foleni upya, wakaahirishwa mara mbili, kipande kingine kikatolewa, wakangoja majibu. Uvimbe uliokuwa kama harage ukawa kama yai la kuku, na mwingine ukajitokeza kwapani.

Majibu yalipofika, Daktari Wamucii aliwakalisha wote wawili.

"Mtoto anapoanza tumboni," alisema, "mwili wake huwa na seli ambazo hazijapewa kazi. Tunaziita seli shina. Si ngozi bado, si mfupa, zinazaana tu. Zikishapewa kazi, zile jeni za kuzaana ovyo huzimwa. Kwenye huu uvimbe, jeni za namna hiyo zimewaka tena. Seli zimesahau kwamba zilikuwa titi. Saratani ya hivyo ni kali. Inakimbia."

Nabwire akacheka kicheko kifupi.

"Daktari, miaka kumi na sita nimeomba huu mwili uanze kuumba mtoto. Kumbe ulikuwa unajua namna."

Daktari aliinamia karatasi zake. Wanzala alitazama mikono yake yenye rangi ya bluu kwenye kucha.

Jioni, uani kwa Rachael, akiwa amekaa kwenye mtungi wa plastiki uliolazwa, ndipo Wanzala alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Nabwire, maabara haikupoteza kitu. Ni mimi."

Akaeleza yote, hata chumvi. Rachael, aliyekuwa akianua nguo, aligeuka.

"Shemeji! Wewe ni mtu ama ni punda?"

"Rachael, wachana naye," alisema Nabwire. Akamgeukia mumewe. "Kwa hivyo uliniosha."

"Nilikuosha."

"Na maji baridi?"

"Uvuguvugu."

"Fundi, wewe ni mjinga kabisa." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na ukaniweka wapi?"

"Upande wako."

Nabwire akashika mkono wa mumewe, akautia kwenye shavu lake. "Nilikuwa nalala hapa nikikutafuta na mguu," alisema. "Wewe ulikuwa na mimi huko. Angalau mmoja wetu hakulala peke yake."

Madaktari wakamkata titi lote mwezi wa Juni, na nyama ya kwapani. Dawa zikamnyonyoa nywele, lakini saratani ilikuwa imeshafika mapafuni. Alipochoka kusimama, Wanzala ndiye aliyemwogesha kwenye karai kwa Rachael, kwa maji aliyoyapima kwanza kwa kiwiko. Siku moja alimwuliza daktari kama zile siku zilizopotea zingemwokoa mkewe. Daktari Wamucii akasema hajui, na kwamba hakuna anayejua, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mbio tangu mwanzo. Wanzala alitamani daktari amtukane, ingekuwa rahisi zaidi.

Nabwire alikufa Septemba.

Wanzala akihesabu, ni siku thelathini na nane tangu kipande cha kwanza hadi majibu ya cha pili. Ni titi moja. Ni jioni mia moja na themanini na tatu za kutembea kutoka Laini Saba hadi Kawangware na kurudi peke yake, na safari moja ya kwenda kumzika Busia, ambayo walikwenda wawili akarudi mmoja.